Pinboli kwenye Game Boy ya zamani: maswali ninayoulizwa Mwanza

Kila nikipanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na kutoa Game Boy mfukoni, kabla hata hatujaliacha Jiwe la Bismarck nyuma yetu, tayari kuna mtu kaketi pembeni ananyoosha shingo. Maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ninayotumiwa kwenye simu, ili safari ijayo nami nicheze.

Hiyo si ile brick game ya matofali?

Hapana, ingawa naelewa kwa nini unauliza. Wengi wetu tulikua na kale kadude ka plastiki kenye matofali yanayoshuka, na kalikuwa na mchezo huo huo miaka yote hata kama kifuniko kiliandikwa 9999. Game Boy ni kompyuta ndogo inayobadilishwa kaseti. Nintendo waliitoa Japani mwezi Aprili 1989, ikiwa na kioo cha nukta 160 kwa 144 na rangi nne tu, zote za ukoo wa kijani kilichofifia. Baadaye zikaja Game Boy Pocket (1996), Game Boy Color (1998), Game Boy Advance (2001) na Advance SP ile inayokunjwa (2003). Nikisema "mashine" hapa chini, namaanisha mojawapo ya hizo.

Na pinboli ndiyo mchezo gani?

Kama umewahi kuishi kwenye nyumba za mlimani, tuseme Mabatini, unaujua tayari. Chungwa linamponyoka mtu juu kule. Linagonga jiwe, linaruka kwenye ngazi, linapiga ndoo ya jirani, na kila aliye chini ananyoosha mguu alizuie lisifike barabarani. Pinboli ni hilo chungwa. Mashine ya kweli ni meza iliyoinama kidogo, kama nyuzi sita na nusu hivi, yenye gololi ya chuma ya milimita 27 na uzito wa gramu 80. Gololi inarushwa juu kwa springi, inateremka ikigongana na vitu vinavyokupa pointi. Chini kabisa una mikono miwili midogo ya kuipigia irudi juu. Mikono hiyo huitwa flipa. Mpwa wangu, mtoto wa mvuvi, huziita makasia, na mimi nimeshindwa kumrekebisha kwa sababu jina lake ni zuri kuliko la wenyewe.

Kwenye Game Boy yote hayo yamo kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti. Kasia la kushoto unalipiga kwa mshale wa kushoto, la kulia kwa kitufe cha A. Basi.

Mbona inafanana na dubwi? Ni kamari?

Hili naulizwa na wazazi wanaolijua dubwi, ile mashine ya kamari ya kuingiza sarafu, na halinikasirishi. Mama mmoja wa Igoma alinikuta na kijana wake tukicheza, akasimama mlangoni mikono kiunoni: "Baba, hiyo dubwi mmeihamishia nyumbani?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, hapana, humu haiingii hata shilingi mia." Hakuamini mpaka alipoishika mwenyewe na kukosa tundu la sarafu.

Lakini hofu yake ina historia ndefu kuliko alivyodhani. Pinboli za mwanzo huko Marekani hazikuwa na flipa kabisa. Ulirusha gololi, ukatazama ikianguka inakotaka, na watu wakawekeana dau. Jiji la New York lilizipiga marufuku miaka ya 1940, na meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Mashine ya kwanza yenye flipa, Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb ya Chicago, ilitoka mwaka 1947, na hapo ndipo mchezo ulipohama kutoka bahati kwenda mikononi. Sheria haikuhama nao. New York walikaa na marufuku yao hadi 1976, kijana aitwaye Roger Sharpe alipoletewa mashine mbele ya madiwani aonyeshe kwamba ni ustadi, si bahati. Alitangaza kabla: nitavuta springi hivi, na gololi itapita njia ya katikati. Ikapita. Marufuku ikaondolewa. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba bahati nayo ilimsaidia siku ile, jambo linalonifurahisha kuliko hukumu yenyewe.

Kwa hiyo jibu kwa wazazi: dubwi halina flipa. Kwenye dubwi ukishaingiza sarafu kazi yako imeisha. Kwenye pinboli ndiyo kwanza inaanza.

Nianze na kaseti ipi?

Inategemea mashine uliyonayo, na hapa nitakuwa na upendeleo wa wazi.

Ukiwa na ile ya kijivu ya mwanzo, tafuta *Pinball: Revenge of the Gator* ya HAL Laboratory. Ni ya zamani karibu sawa na mashine yenyewe, imejaa mamba, na chini kabisa mamba anangoja ammeze gololi yako. Sisi watu wa ziwani mamba si katuni, lakini huyu utamzoea. Uzuri wake ni kwamba waliotengeneza walikubali udogo wa kioo. Tatizo la pinboli kwenye Game Boy ni kwamba meza ni ndefu na kioo kimekaa karibu mraba. Wao wakaikata meza vipande, kila kipande kioo kimoja chenye makasia yake. Gololi ikipita juu, picha inabadilika mara moja. Mwanzoni utachanganyikiwa. Siku ya tatu hutakumbuka kwamba kuna kilichobadilika.

Miaka michache baadaye, 1993, HAL hao hao walitoa *Kirby's Pinball Land* kwa utaratibu ule ule wa vipande, na hii ndiyo ninayompa mtu asiyewahi kushika kitu. Gololi ni Kirby mwenyewe, kale kadonge ka katuni ka michezo ya Nintendo. Inasamehe: ukianguka hadi chini kabisa unapewa nafasi ya kubonyeza kwa wakati na kurushwa juu tena. Meza ni tatu, kila moja na adui wake mkubwa.

*Pokémon Pinball* ya 1999 ndiyo watu wengi wanayoitafuta, na wana haki. Ina meza mbili, nyekundu na ya bluu, na badala ya kufukuzia pointi tupu unakamata wanyama na kuwakuza, mmoja mmoja, huku kumbukumbu ikibaki ukizima. Hilo linabadilisha kila kitu kwa msafiri: unacheza dakika ishirini, unashuka Nansio, unaendelea kesho. Kaseti yake ina mota ndani inayotetemeka gololi ikigonga, na mota hiyo ina betri yake moja nyembamba, ile ya rimoti. Bila betri hiyo mchezo unaendelea kama kawaida, ila hautetemeki.

Kwenye Advance ipo *Pokémon Pinball: Ruby & Sapphire* ya 2003, ambayo kioo kinateleza kuifuata gololi badala ya kurukaruka vipande. Nzuri sana. *Mario Pinball Land* ya 2004 sikushauri kuanza nayo. Inapendeza kwa macho, lakini ukikosea kidogo inakutoa chumba ulichokuwa na kukurudisha nyuma, na nimeona watu wazima wakiiweka chini kwa hasira. Ukipata Nintendo DS, tafuta *Metroid Prime Pinball* ya 2005: vioo viwili vimepangwa kimoja juu ya kingine, na ghafla meza ndefu imepata nafasi yake. Ni kana kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya pinboli na hakuna aliyewaambia wenye nayo.

Gololi yangu inapita katikati kila mara. Nimelogwa?

Hujalogwa. Unapiga makasia yote mawili kwa pamoja.

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mgeni akiona gololi inashuka anaogopa, na akiogopa anabonyeza vyote viwili, tena mfululizo, kama mtu anayefukuza nzi. Kila kasia likiinuka, pengo la katikati linapanuka. Umefungua mlango mwenyewe. Sheria ya kwanza ninayompa kila mtu: kidole kimoja, kasia moja, lile ambalo gololi inalielekea.

Sheria ya pili ni kushika. Gololi inapobingirika kuelekea kasia la kulia, inua kasia hilo mapema na usiachie. Gololi itapanda kidogo, itarudi, itatulia kwenye kona kati ya kasia na ukuta. Imelala hapo. Sasa una muda wa kuvuta pumzi, kuangalia juu, kuchagua unapotaka kupiga, hata kumpisha mama mwenye tenga la dagaa. Anayecheza bila kushika anacheza dubwi tu, gololi ndiyo inayoamua. Nilicheza hivyo karibu mwaka mzima nikidhani nina vidole vibaya.

Ukishashika, achia kasia. Gololi itaanza kuteremka kuelekea ncha. Ukipiga mapema, ikiwa bado karibu na shina la kasia, inakwenda juu au hata upande ule ule. Ukichelewa mpaka ikaribie ncha, inakatiza meza kwenda upande wa pili. Kila meza ina tofauti yake ndogo, kwa hiyo toa gololi tatu za kwanza sadaka: usitafute pointi, jifunze ukipiga hapa inatokea wapi.

La tatu ni gumu zaidi kwa sababu ni kutofanya kitu. Gololi ikija kwa kasi moja kwa moja juu ya kasia la kushoto, mara nyingi ukiliacha limelala, gololi itadunda yenyewe na kuvuka polepole hadi kasia la kulia, ambako utaishika. Vidole vitakataa. Nilimfundisha mpwa wangu kwa kumwambia aweke dole gumba juu ya goti kila gololi inapokuja kwa kasi. Siku mbili za makelele, kisha akanipita.

Nikiitikisa mashine je?

Kuitikisa kwa mikono hakusaidii, Game Boy hizi hazijui kama umeinama au umesimama. Kutikisa kumewekwa kwenye vitufe: kwenye *Pokémon Pinball* mshale wa chini, B na Select vinaisukuma meza, na ukiona umekosea unaweza kuvipanga upya kwenye Options. Tumia gololi ikiwa karibu na pengo, si kabla.

Mashine kubwa za kweli zina adhabu: ukisukuma mno zinaandika TILT, makasia yanakufa, na unaitazama gololi yako ikishuka. Aliyebuni kifaa hicho anaitwa Harry Williams, Mmarekani aliyechoka kuona watu wakizibeba mashine zake juu juu.

Kwenye meli ni mkasa mwingine. Ziwa likichafuka si mashine inayotikisika bali wewe, na kichefuchefu cha kutazama gololi huku mawimbi yanapanda ni cha aina yake. Mawimbi yakianza, weka mfukoni, tazama upeo.

Betri zinakaa muda gani?

Ya kijivu ya mwanzo inameza betri nne za AA, zile za saa ya ukutani. Pocket inatumia mbili nyembamba za rimoti. Color na Advance zinatumia mbili za AA, na Advance kwa betri nzuri inafika kama saa 15. SP ina betri yake ya kuchaji: saa 10 hivi taa ikiwaka, 18 ikiwa imezimwa. Kwa safari ya kwenda na kurudi Ukerewe yoyote kati ya hizo inatosha na kubaki.

Ila naposema betri nzuri namaanisha alkalaini. Zile za bei ya chini kabisa, nyepesi mkononi, zinaisha kabla hujajua meza, na mbaya zaidi zinavuja. Usiache betri ndani ya mashine usiyoitumia, hata wiki mbili. Nilifungua Pocket moja niliyoihifadhi kabatini nikakuta unga mweupe na springi zimekuwa kijani. Alkalaini ikivuja, pamba yenye siki kidogo inaondoa unga ule, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha ikauke kabisa. Springi ikiwa imeliwa, siki haiirudishi. Fundi atabadilisha.

Betri za kuchaji za AA ni sawa, na kwa mtu anayecheza kila siku ndizo nafuu. Tahadhari tu: zinaisha ghafla. Taa nyekundu ya Game Boy inafifia kidogo na mara moja kioo kimekufa, pamoja na gololi yako bora ya mwezi.

Kuhusu adapta: soma maandishi karibu na tundu kabla hujachomeka chochote. Ya kijivu inataka volti 6, Pocket na Color volti 3, na chanya na hasi zake si za kubahatisha. Umeme mwingi kwenye tundu dogo hauombi radhi.

Sioni kitu kwenye kioo. Kimeharibika?

Pengine unacheza sebuleni usiku. Vioo vya zamani havina taa, vinategemea mwanga wa nje. Toka nje, kaa juani, kisha zungusha kigurudumu cha weusi pembeni, kama mashine yako inacho. Hapo ndipo mambo yanapogeuka: saa saba mchana juu ya sitaha, simu za wenzio zote ni vioo vya kujitazamia, wakati Game Boy ya 1989 inaonekana vizuri kuliko chumbani. Gololi ikienda kasi itaacha kivuli nyuma yake. Hicho si kuharibika, ndivyo kioo chake kilivyo kizito.

Ukitaka taa, chukua SP, au mtafute fundi akufungie kioo kipya cha IPS, chenye taa yake ndani, kinachoagizwa kutoka nje. Kumbuka tu kwamba ukicheza na taa usiku karibu na maji, wadudu wa ziwani watakuja kucheza nawe.

Kuna ugonjwa mmoja wa ile ya kijivu: mistari ya wima inapotea, kipande cha meza hakionekani, gololi inaingia pale na kutokea kwingine. Kinachosababisha ni utepe wa kioo kuachia kwenye kingo. Hutibiwa kwa kupitisha pasi ya kulehemu yenye moto wa wastani juu ya utepe, taratibu, huku mashine imewashwa uone mistari ikirudi. Fundi mmoja niliyempelekea alinitazama, "Mkubwa, nipe dakika mbili tu." Nikamwambia, "Fundi, taratibu, hiyo haitaki moto mwingi." Dakika mbili zikawa tano, mistari mitatu ikarudi, na kumi na mmoja ikaondoka. Siku hizi nafanya mwenyewe.

Kaseti haisomi. Nipulize?

Usipulize. Najua sote tulipuliza. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, si pumzi. Pumzi ina unyevu, na unyevu huozesha zile shaba za chini. Chukua pamba ya masikioni, ilowanishe kwa spiriti safi isiyo na mafuta, sugua shaba mpaka pamba isitoke na weusi. Subiri ikauke. Hapa kwetu, kwa vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa, mimi hufanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Nitajuaje kaseti bandia?

Kwa *Pokémon Pinball* ni rahisi mno: kaseti halisi ina kichwa kinene chenye kifuniko cha betri. Ukiuziwa nyembamba ya kawaida, ni bandia, usibishane. Kwa nyingine, tazama karatasi ya mbele. Nyingi za halisi zina namba mbili zilizogandamizwa kwenye karatasi, zisizo na wino, unaziona ukiinamisha kwenye mwanga. Za Advance, chungulia chini juu ya shaba, utaona neno Nintendo kwenye kibao.

Bandia nyingi zinacheza, tatizo lake kubwa ni kupoteza kumbukumbu. Lakini halisi nayo ikipoteza kumbukumbu usikimbilie kumshtaki muuzaji. Kaseti ya 1999 inatunza rekodi kwa betri ndogo ya duara iliyolehemiwa ndani, na betri hiyo ina umri mkubwa kuliko vijana wengi wanaoishika. Fundi wa simu anaibadilisha. Rekodi za zamani zitafutika, hilo likubali kabla hajawasha pasi.

Mwanza nitaipata wapi?

Hakuna duka nitakalokuonyesha. Zinatokea zenyewe: kwenye meza za vifaa vilivyotumika Makoroboi, kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, kwa mtu aliyerudi kutoka nje na sanduku. Nenda na betri zako na kaseti moja unayojua ni nzima. Washa, bonyeza kila kitufe, hasa mshale wa kushoto na A, sikiliza spika, fungua mlango wa betri unuse. Muuzaji akikukataza kuijaribu, mshukuru uondoke. Na ukumbuke: Advance na SP zinasoma kaseti za zamani zote. Kati ya kaseti za Game Boy, DS na DS Lite zinasoma za Advance tu, na Game Boy Micro vivyo hivyo.

Si nicheze kwenye simu tu?

Cheza. Ila kioo cha simu hakina kitufe cha kuhisi kwa dole, na kushika gololi kunahitaji dole linalojua limebonyeza bila jicho kushuka kuangalia. Pia hakuna mtu anayekupigia Game Boy katikati ya gololi.

Naomba kuazima ya kwako wikiendi moja tu.

Hapana, ndugu yangu. Ya mwisho niliyoazimisha ilirudi baada ya miezi minne, ikiwa na mchanga kwenye mshale wa kushoto na harufu ya dagaa ambayo spiriti bado haijaiondoa. Rekodi yangu ya meza ya bluu ilikuwa imevunjwa pia. Aliyeiazima hakuniambia ni nani aliyeivunja.